Fundi wa Majitaka ya Chombo

Jahazi la zamani halikuwa na tangi la majitaka. Sanduku la mbao lilining'inizwa tezi, nje ya chombo. Baharia akapanda, akajishikilia, yaliyosalia yakawa ya bahari.

Boti za leo zina choo ndani, tena hulala siku kadhaa zimetia nanga palepale, mbele ya mikoko na miamba. Maji yakipwa kisiwani Songosongo, kina mama huingia mwambani kusaka pweza. Ukanda huu wa Rufiji, Mafia na Kilwa umo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani tangu 2004. Uchafu hauna budi kukaa chomboni hadi upate pa kwenda, na hapo ndipo fundi bomba anapostahili heshima ambayo hapewi.

Asiyejua huona tangi la plastiki, pampu na mipira miwili mitatu. Fundi huona njia za bahari kuingia. Choo cha boti aghalabu kiko chini ya usawa wa maji. Mpira ukienda moja kwa moja hadi tundu la ubavuni, bahari yaweza kujivuta ndani usiku, chombo kikazama kikiwa nangani. Basi huupandisha mpira juu ya usawa huo, akaushusha upya, na kileleni akatia valvu ndogo ya kuingiza hewa.

Harufu nayo ina elimu yake. Wengi hulaumu tangi, kumbe aghalabu mkosaji ni bomba la hewa: jembamba mno, au limezibwa na buibui. Tangi likikosa oksijeni, hustawi bakteria wasioihitaji, na hao ndio watoao uvundo wa mayai viza. Bomba pana na fupi huwapunguza.

Kama bado kunanuka, fundi huchovya kitambaa safi katika maji ya moto, akakikunja juu ya mpira, akasubiri kipoe, kisha akakinusa. Kikinuka, mpira umekwisha. Harufu inapenya ukutani mwake, hata kama hauvuji tone. Kipimo cha bei rahisi kuliko hiki sijakisikia.

Kwa meli kubwa za safari za kimataifa, mkataba wa MARPOL huruhusu majitaka yasiyosafishwa kumwagwa zaidi ya maili 12 za bahari kutoka nchi kavu, kidogo kidogo, meli ikienda. Boti ya ghubani haifiki huko. Wanaochora magati, kuanzia Kilwa Masoko hadi Lindi, wasisahau mpira wa kunyonyea majitaka, na fundi wa kuutunza.