Gitaa Huanza na Vibanio vya Nguo

Mwaka 1862 fundi wa Hispania, Antonio de Torres, alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake zilikuwa za karatasi ngumu iliyogandishwa. Uso tu ndio uliokuwa wa mbao. Alikusudia kuonyesha kwamba sauti ya gitaa hutoka hasa kwenye ule ubao mwembamba wa mbele, na kwamba miti ya fahari inayowekwa nyuma na ubavuni hupewa sifa kuliko inavyostahili. Gitaa hilo lipo hadi leo katika jumba la makumbusho ya muziki mjini Barcelona. Kabla ya kuwa fundi wa magitaa, Torres alikuwa seremala.

Ukoo wa Martin nao, ambao magitaa yake ya nyuzi za chuma yanajulikana dunia nzima, ulitokea kwenye useremala. Christian Friedrich Martin aliondoka Markneukirchen, Ujerumani, akafika New York mwaka 1833, nyuma yake kukiwa na ugomvi mrefu wa vyama vya mafundi. Watengenezaji wa fidla walidai kuwa gitaa ni haki yao peke yao. Maseremala wa makabati, ambao akina Martin walikuwa wenzao, walikataa katakata.

Anayedhani kutengeneza gitaa ni kazi ya kiwanda chenye mitambo na azikumbuke habari hizi mbili. Ni kazi ya seremala. Na sehemu yake tamu kuliko zote, ile inayomtenga fundi na mbabaishaji, hufanyika kabla gitaa lenyewe halijaanza: kujitengenezea kalibu, vigezo na vibano ambavyo dukani havipo, au vipo kwa bei ya kuumiza.

Chukua uso wenyewe. Ubao mmoja hupasuliwa katikati ya unene wake, vipande viwili vikafunguliwa kama kurasa za kitabu, kisha vikaunganishwa ukingo kwa ukingo. Kila kipande kina unene wa milimita chache tu, kwa hiyo randa ikiachiwa mkono mtupu lazima iyumbe. Dawa yake ni vipande viwili vya plaiwudi vilivyopigiliwa kimoja juu ya kingine, cha juu kikiwa chembamba zaidi ili ibaki ngazi ndogo. Mbao hulazwa juu, kingo zikichungulia nje kidogo. Randa hulazwa kwa ubavu na kusukumwa ndani ya ile ngazi. Mbao zote mbili hupigwa randa kwa pamoja, zikiwa zimekunjwa zikaangaliana, na hapo ndipo penye akili: randa ikiwa imeinama kidogo, kosa la ubao huu linafutwa na kosa la mwenzake pindi zinapofunguliwa.

Kisha fundi anazigusanisha, anaziinua dirishani na kutazama mwanga. Ukipenya hata mstari mwembamba kama unywele, anarudi kwenye randa. Asiseme gundi itaziba. Gundi haizibi pengo la uso wa gitaa. Inalificha tu mpaka kiangazi kije kulifichua.

Hata kuzibana mbao hizo hakuhitaji klampu ya kununua. Wahispania hupitisha kamba huku na huku juu ya papi, halafu hupenyeza kabari chini ya kamba na kuzigonga polepole. Kila pigo linafanya kazi mbili: linazisukuma mbao zikutane, na linazikandamiza zisiinuke. Ni vigumu kufikiria kibano cha dukani chenye busara ya namna hiyo.

Kukunja mbavu ndiko kunakowaogopesha wanaoanza. Ubavu wa gitaa una unene wa milimita mbili hivi, na lazima upinde kiunoni bila kuvunjika. Kinachotakiwa ni kipande cha bomba la chuma kilichokazwa kwenye jiriwa, na moto ndani yake. Joto likitimia, tone la maji likidondoshwa juu ya bomba halisambai, linarukaruka. Ubao uliolowanishwa huegemezwa hapo na kubembelezwa kwa viganja, na ghafla mkono unasikia ubao ukilegea, kwa sababu lignini, yaani gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti, hulainika kwa joto. Upande wa nje huwekwa ukanda mwembamba wa bati ili nyuzi za mbao zisichanike. Baada ya hapo ubavu hufungiwa ndani ya kalibu ya plaiwudi yenye umbo la gitaa na kulala humo usiku kucha, la sivyo utataka kunyooka tena.

Ndani ya kingo za mbavu hugandishwa ukanda wa mbao uliokatwakatwa kwa msumeno karibu ufike upande wa pili, ili ukubali kupinda. Hapa ndipo vibanio vya nguo vinapoheshimika. Kila kibanio cha mbao huongezewa nguvu kwa kuzungushiwa kipande cha mpira kilichokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, na gitaa moja linahitaji dazeni kadhaa. Mafundi wa Ulaya na Marekani wenye kila aina ya klampu hutumia vibanio hivyo hivyo. Si kwa uhaba. Ni vyepesi, vinakaa mahali padogo, na havikwaruzi mbao.

Halafu mataruma, zile fito zinazogandishwa chini ya uso ili usikubali kuzama. Torres alipendelea saba, zilizotawanyika kutoka upande wa tundu la sauti. Martin alieneza mtindo wa kuzikutanisha kwa herufi X. Uzito zinaoubeba si mdogo, maana nyuzi sita za chuma za kawaida huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi au zaidi. Shida ni kwamba klampu ya kawaida haifiki katikati ya uso. Wenye ujuzi hufunga mbao mbili nene, moja chini na moja juu, kwa nondo nne za skrubu, wakiacha nafasi ya sentimita 60 hivi. Vifimbo vya mwanzi vilivyo virefu kidogo kuliko nafasi hiyo hupindwa na kuingizwa humo. Vikitaka kunyooka, vinakandamiza taruma popote fundi anapotaka, hata ishirini kwa mara moja.

Usahihi mkubwa zaidi unatakiwa kwenye shingo, mahali pa freti, vile vipande vya chuma vinavyoikatiza. Mwaka 1581 Vincenzo Galilei, baba yake mwanasayansi Galileo, alipendekeza kugawa urefu wa uzi kwa 18 ili kupata freti ya kwanza, kisha kugawa kilichobaki kwa 18 tena, na kuendelea. Njia hiyo inakaribia, lakini haifiki. Kwa uzi wa milimita 650, freti ya 12 ingekaa pungufu ya nusu kwa zaidi ya milimita mbili, na sikio lisingesamehe. Leo hugawanywa kwa 17.817: freti ya kwanza inakaa milimita 36.48 kutoka kichwani, na ya 12 inaangukia 325 kamili. Mwenye busara huhesabu zote mara moja, hupima kila moja kuanzia mwanzo wa shingo ili makosa yasirundikane, kisha huchonga kigezo kimoja cha chuma atakachokitumia maisha yake yote. Kwenye ubapa wa msumeno hubana kipande cha mbao, na mfereji wa freti hauwezi kuzidi kina.

Kwa fundi wa pwani kuna adui mwingine: unyevu. Mbao zilizogandishwa Dar es Salaam wakati wa masika zimenenepa. Gitaa hilo likipelekwa Dodoma kiangazi, uso unasinyaa na kupasuka. Kabati lililozibwa vizuri, lenye balbu ya joto na kipimo cha unyevu kikisoma asilimia 45 hadi 50, linatosha kuzihifadhi mbao hadi siku ya gundi. Kabati hilo ni la lazima kuliko mashine yoyote.

Gitaa lenyewe si geni kwetu. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952, gitaa lilikuwa tayari likisindikiza nyimbo za Kiswahili cha Katanga. Mbao nazo tunazo. Mpingo wa kusini mwa Tanzania huvuka bahari kwenda kuwa klarineti, na mafundi wa magitaa wa ng'ambo huutafuta kwa migongo na mbavu. Mninga, ambao hausinyai sana ukikauka, umejaa katika karakana za vitanda. Mbao laini za uso, zile za sprusi, ndizo za kuagiza.

Bomba, plaiwudi, nondo za skrubu, tyubu za baiskeli na vibanio vinapatikana kwa kuzunguka Keko na Gerezani, Dar es Salaam. Vyuo vya ufundi vya VETA vinavyofundisha useremala viwape wanafunzi wa mwaka wa mwisho zoezi la gitaa pamoja na lile la kabati, na viwaanzishe kwa ile ngazi ya plaiwudi na randa. Mwanafunzi atakayeweza kuunganisha mbao mbili zisipitishe mwanga hatashindwa na meza yoyote atakayoagizwa baadaye.