Jalada, Ukurasa na Sauti: Ukonstraktivisti na Miswada ya Siyu

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuigawa kazi katika fani na maudhui. Katika mgawanyo huo jalada huachwa nje, mithili ya karatasi ya kufungia bidhaa. Wakonstraktivisti wa Urusi waliupinga mtazamo wa aina hiyo. Mwaka 1923 El Lissitzky alisanifu diwani ya Vladimir Mayakovsky iliyochapishwa Berlin, yenye mashairi 13 ya kusomwa kwa sauti. Alitumia wino mweusi na mwekundu, pamoja na herufi na mistari ya kawaida ya mpiga chapa. Ukingoni mwa kurasa alikata vidato vyenye alama, ili msomaji alifikie mara moja shairi alitakalo. Umbo la kitabu likawa sehemu ya kughani.

Hoja hiyo si ngeni ikitazamwa kutoka Siyu, kisiwani Pate, mji uliosifika katika karne za 18 na 19 kwa wanakili wa misahafu. Humo pia mna weusi na wekundu. Haidaiwi hapa kwamba upande mmoja uliuathiri mwingine: Siyu rangi ilitumikia ibada, Urusi ilitumikia mapinduzi na mashine. Kinachofanana ni kazi yake. Kote kuwili rangi huigawa matini na kuliongoza jicho, na kwa njia hiyo huiongoza sauti.

Hapa ndipo penye tatizo la tenzi za Lamu na Pate. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, na Al-Inkishafi zilienea kwanza kwa hati za Kiarabu. Kuhamishiwa hati za Kirumi kuliyafikisha maneno kwa wasomaji wapya. Lakini mhakiki asomaye maneno pekee hajui mnakili alivyovipanga vipande na kuvitenga. Na jalada likichorwa mlango wa nakshi, humwonyesha msomaji mahali utungo ulikotoka, bila kumwonyesha namna ya kuusoma.

Huenda ikasemwa kwamba jalada ni la mchapishaji, si la mtunzi. Ni kweli, lakini mnakili naye hakuwa mtunzi, na hakuna mtafiti makini wa miswada anayeupuuza mkono wake. Msanifu wa jalada ni mrithi wa mnakili huyo, na astahili kuhakikiwa kwa kipimo kile kile: je, ameusaidia utungo kusikika?