Kosa ni la Nani? Uhakiki wa Istilahi za Majibu ya Seva

Majuzi tulikuwa Ilongero, makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Singida, katika kazi ya kukusanya maneno yanayotumiwa madukani na maofisini. Tukiwa tumeketi katika duka moja la steshenari, la aina ile ambayo siku hizi huwajazia wananchi fomu kwa njia ya mtandao, aliingia mama mmoja kutoka upande wa Mtinko pamoja na binti yake aliyemaliza kidato cha nne. Walitaka kupeleka maombi ya nafasi ya masomo. Kijana mwenye kompyuta alijaza fomu, akaambatisha vyeti, akabonyeza mahali pa kutuma. Skrini ikajibu kwa Kiswahili: "Kosa 503. Ombi lako halikufanikiwa."

Kijana akasema, "Mama, kuna mahali mmekosea. Rudini mkaangalie vizuri majina kwenye vyeti." Yule mama akauliza kwa upole, "Mwanangu, kosa letu ni lipi?" Kijana hakuwa na la kujibu. Wakaondoka, na nauli ya siku ile ikawa imepotea. Baada ya kama saa mbili kijana aliituma tena fomu ile ile, bila kubadilisha hata nukta moja, nayo ikapokelewa.

Hatuandiki habari hii ili kumlaumu kijana yule. Yeye alisoma neno lililoandikwa mbele yake akalifuata. Tunaiandika kwa sababu seva ilisema jambo moja na Kiswahili kikasema jingine, na mwenye dhamana ya tofauti hiyo ni sisi tunaoshughulika na istilahi. Makala haya yanakusudia kuyahakiki maneno ya Kiswahili yanayotumika kutafsiri majibu ya seva, na kutoa mapendekezo.

Namba zinasema nini

Kila mtu anapotaka ukurasa katika mtandao, kivinjari chake hupeleka ombi kwa seva inayoutunza ukurasa huo. Seva hutoa jibu, na mwanzoni mwa jibu huweka namba ya tarakimu tatu inayoeleza ombi limefikia wapi. Utaratibu wa tarakimu tatu si mpya. Ulikwisha kutumika tangu miaka ya 1970 katika kupelekeana majalada kati ya kompyuta. Tim Berners-Lee alipoanzisha wavuti huko CERN, lugha ya kwanza ya mawasiliano hayo, ya mwaka 1991, haikuwa na namba hizi. Seva ilituma maandishi tu, na kama mambo yameharibika msomaji alitambua kwa kuyasoma. Namba zilipoingia, ziliwekewa maelezo katika waraka namba 1945 wa wahandisi wa intaneti mwaka 1996. Waraka unaotumika sasa ni namba 9110 wa mwaka 2022.

Tarakimu ya kwanza ndiyo yenye uzito, kwa kuwa inataja kundi. Moja ni taarifa ya awali: ombi limefika, endelea. Mbili ni kufanikiwa. Tatu ni kuelekezwa mahali pengine. Nne ina maana kwamba ombi lenyewe, jinsi lilivyoletwa, haliwezi kutekelezwa. Tano ina maana kwamba ombi halina ubaya unaojulikana, bali seva ndiyo iliyoshindwa. Chombo kisichoijua namba fulani kimeagizwa kuichukulia kama namba ya kwanza ya kundi lake. Mathalani, asiyeijua 429 huichukua kuwa ni 400.

Basi ukitazama kwa makini utaona kwamba namba hizi zinajibu swali moja la maana kuliko yote: ni nani anayepaswa kufanya jambo linalofuata? Kundi la nne linamwambia mwombaji, "Tazama tena ulicholeta." Kundi la tano linamwambia, "Wewe ngoja; kazi iko upande wetu." Mama yule wa Mtinko alipewa jibu la kundi la tano, lakini akaelewa la kundi la nne. Hapana shaka angekuwa na mtumishi mbele yake dirishani, mtumishi huyo angemwambia, "Mama, mashine zimezidiwa, subiri kidogo," na safari ya bure isingekuwapo.

Neno "kosa"

Tafsiri nyingi tulizoziona huliita kundi la nne "kosa la mteja" na kundi la tano "kosa la seva". Pengine sifa huachwa kabisa, likabaki "kosa" peke yake. Tunaona neno hili halifai katika makundi yote mawili.

Kwanza, katika Kiswahili kosa halikai bila mkosaji. Mtu hutenda kosa, huomba radhi kwa kosa, hushtakiwa kwa kosa. Mwananchi aliyeona neno hilo juu ya fomu yenye jina lake hawezi kufikiri kuwa mkosaji ni mashine iliyoko Dar es Salaam au Dodoma. Atajitazama mwenyewe. Katika sehemu kama Ilongero, ambako wengi walikulia katika Kinyaturu na Kiswahili wamekipokea shuleni na ofisini, neno la ofisi huchukuliwa kwa uzito wake wote.

Pili, "mteja" hapa ni tafsiri iliyopotoka. Katika lugha ya wahandisi anayeitwa hivyo si mtu, bali ni programu inayopeleka ombi, yaani kivinjari. Mtafsiri aliyeandika "kosa la mteja" amehamisha lawama kutoka kwenye programu hadi kwa binadamu.

Kwa kundi la tano lugha yetu imekwisha kutupatia neno, nalo ni "hitilafu". Kila Mtanzania amesoma au kusikia tangazo la hitilafu ya umeme, na hakuna hata mmoja aliyewahi kudhani kuwa hitilafu hiyo ni yake. Hujua kwamba mafundi wanahusika, na kwamba yeye anangoja. Tunapendekeza neno hili litengwe kwa kundi la tano tu.

Kwa kundi la nne tunapendekeza "kasoro ya ombi". Tunasema saa mbili kasoro robo, wala hatuilaumu saa. Kasoro ni upungufu wa kitu, si hatia ya mtu. Jambo hili lina maana kubwa, kwa sababu hata katika kundi la nne si lazima mwombaji awe amekosea. Aghalabu hufuata kiungo alichopewa na ofisi yenyewe, naye akakuta ukurasa umekwisha kuondolewa. Ombi lake lina kasoro, kwani linataja kisichokuwapo. Lakini yeye hana kosa lolote.

Neno "haipatikani"

Neno la pili linalotumiwa ovyo ni "haipatikani". Tumelikuta likitafsiri 404, 403 na 503 bila kubagua. Watafsiri wamesahau kwamba neno hili limekwisha kupata maana maalumu kutokana na simu. Mtu anayeambiwa kuwa namba anayopiga haipatikani kwa sasa hungoja kidogo akapiga tena. Kwa hiyo, ukimwambia kuwa ukurasa haupatikani, umemwagiza arudie. Kwa 503 agizo hilo ni sahihi, kwa kuwa seva imezidiwa au imesimamishwa kwa matengenezo. Waraka unairuhusu hata kutaja muda wa kurudi, kama karani mwungwana asemaye "njoo baada ya nusu saa" badala ya "njoo kesho" isiyo na mwisho. Lakini kwa 404 agizo hilo linamchosha mtu bure.

Namba 404 ina maana kwamba seva imetafuta kilichoombwa na haikukiona. Haisemi kama kilikuwapo, wala kama kitarudi. Masijala zetu zina usemi unaolingana na hali hiyo barabara: "jalada halionekani". Basi tunapendekeza "ukurasa hauonekani hapa". Tunakiri kwamba wapo watakaodhani kuwa ni tatizo la macho au la mwanga wa skrini. Ndiyo sababu tumeongeza neno "hapa". Ikiwa seva inajua kuwa ukurasa ulikuwapo na umeondolewa moja kwa moja, namba yake ni 410, na Kiswahili chake kiwe "ukurasa umeondolewa".

Mahali Kiingereza kilipoteleza

Si vema kudhani kwamba kila upungufu uko upande wetu. Namba 401 kwa Kiingereza imepewa jina linalodokeza kwamba mtu hana idhini. Maana yake halisi ni kwamba seva haijamtambua, na ikimtambua huenda ikamruhusu. Namba 403 ndiyo inayokataa: seva imelielewa ombi na haitalitekeleza. Mtafsiri anayefuata jina la Kiingereza neno kwa neno hutoa tafsiri mbili zinazofanana, na msomaji hajui tofauti. Anayefuata maana ataandika "Jitambulishe kwanza" kwa 401 na "Huna ruhusa" kwa 403. Mlinzi wa lango lolote Singida anaijua tofauti hiyo.

Lipo na fundisho la tahajia. Katika lugha hii ya mawasiliano kuna neno moja la Kiingereza, linalotaja ukurasa alikotoka msomaji, lililoandikwa kwa kuacha herufi r moja. Kosa hilo liliingia katika waraka wa mwaka 1996, na kwa kuwa kompyuta zote zilikwisha kulizoea, linaendelea mpaka leo. Istilahi ikikwisha kusambaa haiitwi tena nyumbani kurekebishwa. Hii ndiyo hofu yetu juu ya "kosa la mteja".

Sawa isiyo ya kweli

Upo upungufu mwingine ambao si wa mtafsiri peke yake. Baadhi ya tovuti huandika "Samahani, ukurasa hauonekani" hali seva imetoa namba 200, yaani imefanikiwa. Binadamu ameambiwa hakuna, mashine zimeambiwa kipo. Vyombo vya kutafuta habari huuweka ukurasa huo mtupu katika orodha zao, na fundi anayekagua kumbukumbu za seva huona kazi inakwenda vizuri. Kwa kufanya hivyo tumerudi mwaka 1991, wakati jibu jema na baya vilitofautishwa kwa kusoma tu.

Vivyo hivyo namba 202 isichanganywe na 200. Namba 202 ni ile barua tunayoijua sote: ombi lako limepokelewa na linashughulikiwa. Aliyeandikiwa "limefanikiwa" kwa jambo ambalo bado liko mezani atakwenda nyumbani akiwa na furaha isiyo na msingi.

Mapendekezo

Tokea mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, imedhihirika kwamba Kiswahili kinaweza kuibeba kompyuta. Lakini juhudi zetu nyingi zimetumika katika majina ya vitu. Tumejadiliana sana kama tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na tumejadili kidogo mno yale ambayo chombo hicho kinamwambia mwananchi.

Wala hatuna kisingizio cha ufundi. Waraka wa mwaka 1996 ulisema kwamba maneno yanayofuata namba ni mapendekezo tu, na kwamba yanaweza kubadilishwa kwa maneno ya mahali bila kuathiri mawasiliano. Toleo la pili la lugha hiyo, la mwaka 2015, liliyaondoa kabisa maneno hayo likabakiza namba. Namba ni ya mashine na fundi. Maneno ni yetu.

Tunapendekeza istilahi hizi zijadiliwe:

Jina la jumla: namba ya jibu (badala ya "msimbo wa hali", kwa kuwa hakuna fumbo lolote hapa, na "hali" haielezi matokeo)
Kundi la 1: taarifa ya awali
Kundi la 2: mafanikio
Kundi la 3: maelekezo
Kundi la 4: kasoro ya ombi
Kundi la 5: hitilafu ya seva
200: ombi limetekelezwa
202: ombi limepokelewa, linashughulikiwa
301: ukurasa umehama moja kwa moja
302: ukurasa uko kwingine kwa muda
400: ombi halieleweki
401: jitambulishe kwanza
403: huna ruhusa
404: ukurasa hauonekani hapa
410: ukurasa umeondolewa
429: maombi yamezidi kiasi, ngoja kidogo
451: umezuiwa kisheria
500: hitilafu ndani ya seva
503: huduma haipatikani kwa sasa
504: seva ya mbele imechelewa kujibu

Mambo mawili yazingatiwe. La kwanza, namba isiachwe kamwe, kwa kuwa fundi akipigiwa simu ataiulizia. La pili, katika kundi la tano iongezwe sentensi moja fupi: "Fomu yako haina kasoro iliyoonekana. Tafadhali jaribu tena baadaye." Sentensi hiyo ingetosha kumbakiza yule mama katika benchi la duka.

Tunawaomba watafsiri, walimu na watumishi wa ofisi watuletee maoni yao, hasa wale wanaokaa karibu na wananchi wanapotuma maombi. Pendekezo tutakalolithamini zaidi ni lile lililokwisha kujaribiwa kwa kumsomea mtu asiyejua kompyuta, kisha akaulizwa: sasa utafanya nini?