Charles Bradley Baada ya Kuvua Wigi

Mara ya kwanza kumsikia Charles Bradley, ningeapa ni mwimbaji wa miaka ya sitini. Tarumbeta za kizamani, besi inatembea pole pole, sauti inakwaruza kama ya mtu aliyekesha matangani. Kumbe *No Time for Dreaming* ilitoka 2011. Nikaudhika. Nikasema, huyu naye ni wale wa kuvaa suti ya babu ili wapigwe picha.

Na si uongo, aliwahi kuwa huko. Alizaliwa 1948, akakulia Brooklyn, akafanya kazi ya upishi miaka mingi. Usiku alipanda jukwaani kama Black Velvet, wigi kichwani, akimwiga James Brown. Albamu hii, ambayo ndiyo yake ya kwanza, ilitoka akiwa na miaka 62.

Basi mi nilikuwa na swali moja tu: wigi limevuliwa au bado?

Kwa nyimbo kadhaa, bado. "Golden Rule" inalia kwamba dunia imeharibika. Sawa, lakini hayo hata makanga wa mathree atakwambia. Hapo ni Menahan Street Band wanaombeba.

Halafu unafika wimbo wa mwisho, "Heartaches and Pain". Anasimulia vile alipata habari kwamba kakake ameuawa kwa risasi. Hatafuti maneno makubwa. Anaeleza tu, kama anayemweleza jirani mlangoni. Bendi ni ile ile, mtindo ni ule ule, lakini sasa hujiulizi ni wa mwaka gani. Ndipo nikaelewa kazi ya huu mtindo wa zamani. Mdundo hauna haraka, unamwachia nafasi ya kuvuta pumzi. Tarumbeta zinamwitikia akimaliza sentensi, kama watu waliokuja kumpa pole. Sauti ikipasuka, hakuna anayeisafisha.

Imenigusa kwa sababu zangu. Niliacha chuo mwaka wa tatu, na mpaka leo mamangu huwaambia majirani niko likizo. Tangu hapo nimekuwa nikiandika kwa sauti za waandishi ninaowapenda. Kuna mhariri aliwahi kunirudishia makala na ujumbe mfupi: nimewasikia wote humu isipokuwa wewe. Nilikasirika wiki nzima. Lakini alikuwa sahihi. Hii habari ya likizo, kwa mfano, sijawahi kuiandika popote. Hapa ndio mara ya kwanza.

Bradley alifariki Septemba 2017. Hesabu mwenyewe: miaka mingi sana kwa jina la Black Velvet, kisha kama sita hivi ya albamu zenye jina lake. Ukiianza hii ya kwanza, zile nyimbo za dunia kuharibika zisikuchoshe. Vumilia hadi ule wa mwisho.