Fani ya Malipo: Fomu ya Kadi na Ujumbe wa Simu

Wahakiki wetu wamezoea kusoma mashairi, tamthiliya na riwaya. Fomu ya malipo wanaipita, ingawa nayo ni utungo wenye msimulizi, wahusika, mandhari, muundo na wakati. Tena ina nguvu ambayo shairi halina: ikishasomwa, fedha hutoka kwa mtu mmoja zikaenda kwa mwingine. Hapa ninasoma tungo mbili za aina hiyo kwa pamoja. Ya kwanza ni fomu ya kadi, ambayo biashara nyingi za intaneti duniani huitumia kupokea ada ya kila mwezi. Ya pili ni ujumbe wa pesa za simu, huu unaoingia kwenye simu zetu kila siku. Ninazisoma kwa jicho la muuzaji aliyeko Kapalamsenga, kata ya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, upande wa Ziwa Tanganyika. Tuseme anafundisha Kiswahili kwa video, na wanafunzi wake wako Muscat, Oslo na Minneapolis. Je, ni utungo upi kati ya hizi unaompa nafasi ya mhusika?

Fomu ya kadi kwanza. Kimuundo, haina sentensi. Ni visanduku: namba ya kadi, tarehe ya mwisho, tarakimu tatu za nyuma, jina, nchi, anwani. Mpangilio huo umeigwa kutoka kwenye plastiki yenyewe, kana kwamba mteja ameishika mkononi. Namba huwa na tarakimu 16 kwa kadi nyingi, na ile ya mwisho haimtambulishi mtu wala benki. Kazi yake ni kukagua zile zilizotangulia, kwa kanuni ya Hans Peter Luhn wa IBM aliyepewa hataza mwaka 1960. Ukikosea tarakimu moja, fomu inakukatalia papo hapo. Kwa hiyo msimulizi wa utungo huu ni mkaguzi. Hasalimii, haelezi, na kitenzi chake chenye uzito ni kimoja tu, kile kilichoandikwa kwenye kitufe cha kulipia.

Mandhari nayo imeshachaguliwa. Fomu nyingi hutaka jimbo, kisha msimbo wa posta kwa mfano wa ule ambao Marekani iliuanzisha mwaka 1963. Tanzania nayo ina misimbo ya posta ya tarakimu tano, na Operesheni Anwani za Makazi ya mwaka 2022 ilipeleka namba za nyumba na majina ya barabara mpaka vijijini. Kapalamsenga ina anwani. Lakini anayejaza fomu akiwa huko hulazimika kuutafsiri mkoa wake kuwa jimbo na kubahatisha kama kata iandikwe kwenye mstari wa kwanza au wa pili. Fomu inamchukulia kama mgeni hata pale anapolipa kwa fedha yake halali.

Penye utajiri zaidi wa kihakiki ni kwenye wakati. Chini ya kitufe, kwa maandishi madogo, huwa pana ahadi kwamba mteja anakubali kukatwa kiasi hiki kila mwezi mpaka atakaposimamisha mwenyewe. Hapo ndipo roho ya biashara ya uanachama ilipo. Ukisoma kwa makini, utungo huu hauna mwisho ulioandikwa. Malipo ya kwanza mteja huyafanya mwenyewe, kwa tarakimu tatu za siri. Kanuni za kampuni za kadi zinakataza muuzaji kuzihifadhi tarakimu hizo baada ya malipo kuidhinishwa. Hivyo makato ya mwezi wa pili na kuendelea hufanyika bila hizo, na bila mteja kugusa chochote. Aliyekuwa mhusika mkuu katika tukio la kwanza hayupo katika matukio yote yanayofuata. Jina lake linabaki, kauli yake haipo.

Ukosefu huo wa mwisho humgusa hata muuzaji. Mwenye kadi anaweza kuyapinga malipo kupitia benki yake, na mara nyingi ana hadi siku 120 za kufanya hivyo. Mwalimu wetu atakuwa ameshalipia bando, taa na tripodi, halafu fedha irudishwe ilikotoka. Kwa pande zote mbili, kilichoonekana kimekwisha hakijaisha.

Tugeukie ujumbe wa simu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, Tanzania ikafuata mwaka 2008, na fani yake ikafinyangwa na ufinyu wa meseji, yenye herufi 160. Ufinyu huo umezaa nidhamu. Muundo wake tunaujua kwa moyo: namba ya muamala, neno la kuthibitisha, kiasi, jina la aliyetuma, tarehe, saa, salio jipya. Kitenzi kinakuja mapema nacho kimekamilika: umepokea, umetuma, umelipa. Wahusika wote wanatambulika. Tendo lina siku na saa. Salio linafunga hesabu. Hata zile senti baada ya nukta, ambazo hakuna anayezishika sokoni leo, zina kazi: zinamwambia msomaji kwamba hesabu imefanywa hadi mwisho wake.

Uthabiti wa fani hii unaonekana zaidi pale matapeli wanapojaribu kuiingilia. Watanzania wengi wamewahi kupata meseji isemayo kwamba ile hela itumwe kwenye namba hii. Isome kama mhakiki. Haina namba ya muamala, haina tarehe, haina kiasi kamili wala salio, na mhusika wake mkuu hajulikani. Inategemea msomaji awe na deni kichwani ajazie mwenyewe yaliyokosekana. Anayeijua fani ya ujumbe wa kweli huigundua kwa umbo lake tu. Huo ni ujuzi wa kihakiki, na mama muuza dagaa anao sawasawa na karani wa benki.

Hata hivyo ujumbe huu una udhaifu mmoja mkubwa: unajua tendo moja tu. Hausemi lolote kuhusu mwezi ujao. Ndiyo maana kwetu biashara ya kulipia kila mwezi ilipata umbo jingine, kifurushi. Tunalipia kwanza, tunatumia, kinaisha, tunaarifiwa, tunaamua. Bando za intaneti huenda hivyo. Ving'amuzi huenda hivyo. Umeme wa Luku nao huenda hivyo, kwa tokeni ya tarakimu 20 ambayo mtu huiingiza kwa kidole chake. Kifurushi kina mwanzo, kati na mwisho, na kila kinapoanza upya, mteja ndiye aliyetamka. Kwa kadi, muuzaji huvuta fedha kutoka kwa mteja. Kwa kifurushi, mteja huisukuma mwenyewe.

Yapo majaribio ya kuziunganisha fani hizi mbili. Tangu Oktoba 2021 Benki Kuu ya India inataka mwenye kadi aarifiwe angalau saa 24 kabla ya makato ya kila kipindi. Mwaka 2024 Safaricom ya Kenya ilileta M-Pesa Ratiba, ambayo kwayo mteja mwenyewe hupanga malipo yajirudie. Yote mawili yanafanya jambo lile lile la kifani, yaani kumrudisha mteja ndani ya utungo kabla fedha yake haijaondoka.

Na muuzaji wa Kapalamsenga yuko wapi? Katika fomu ya kadi, mara nyingi anaruhusiwa kununua kuliko kuuza. Kwa miaka mingi huduma ya malipo ya PayPal imemruhusu Mtanzania kulipa bila kumruhusu kupokea. Stripe, huduma nyingine ya aina hiyo, haijaiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi ambamo mfanyabiashara anaweza kufungua akaunti moja kwa moja, na wengine huishia kusajili kampuni Delaware, Marekani, ili tu jina la nchi kwenye kisanduku likubalike. Njia iliyo karibu ni watoa huduma kama Pesapal, DPO na Selcom, wanaopokea kadi na pesa za simu kwa pamoja. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kalemie, wateja wa M-Pesa ya Kongo huweka salio la dola au la faranga. Kwetu, kanuni zilizoanza Machi 2025 zinataka bei za ndani ya nchi zitajwe kwa shilingi. Kwa hiyo fomu ya mwalimu wetu inahitaji bei mbili zilizo wazi: shilingi kwa mwanafunzi wa Mpanda, dola kwa yule wa Oslo.

Hukumu yangu ni kwamba fomu ya kadi ni chombo chenye nguvu lakini ni utungo dhaifu. Inafika mbali, inakagua vizuri, kisha inamtoa mteja kwenye mazungumzo na kumwacha muuzaji na fedha asiyoweza kuihesabu kuwa yake. Ujumbe wa simu haufiki mbali kama kadi, lakini unasema ukweli wote wa tendo: nani, kiasi gani, lini, na kimebaki nini. Anayeuza kutoka Katavi hana sababu ya kuiacha fani hiyo kwa sababu tu mteja wake yuko ughaibuni na analipa kwa kadi.

Basi apokee kadi, ila auandike uanachama wake kama kifurushi. Auze mwezi mmoja, miezi mitatu au mwaka, na tarehe ya mwisho ionekane kabla ya kitufe. Siku chache kabla ya kuisha, atume taarifa. Baada ya kulipwa, atume stakabadhi yenye mambo yale yale ya ujumbe wa simu, kwa Kiswahili sanifu: jina la mwanafunzi, kiasi kwa fedha aliyolipa na kwa shilingi, siku, saa, na siku ambayo somo litakoma. Njia ya kusimamisha iwekwe palepale ilipo njia ya kujiunga, kwa herufi za ukubwa ule ule. Atapoteza wanachama wachache waliokuwa wakikatwa kwa kusahau tu. Watakaobaki watakuwa wamechagua kubaki, na hao hawana sababu ya kwenda benki kupinga malipo.

Nawe msomaji, kabla ya kubonyeza kitufe cha kulipia chochote, isome fomu kama unavyosoma utungo mwingine wowote. Uliza nani anasema, nani hayupo, na mwisho uko wapi. Usipoona mwisho, usilipe kwanza.