Mtambo Mmoja, Tovuti Kibao: WordPress Multisite Imenipagawisha

Jamani, kitu hiki mlikificha wapi? WordPress Multisite ipo tangu toleo la 3.0, Juni 2010, mradi wa WordPress MU ulipounganishwa na WordPress yenyewe, nami ndiyo kwanza naiwasha. Nimechelewa karamu, lakini chakula bado cha moto!

Kuiwasha ni mchezo. Unafungua faili la wp-config.php, unaongeza mstari wa WP_ALLOW_MULTISITE, unahifadhi. Kwenye menyu inachomoza sehemu ya kuunda mtandao wa tovuti. Inakupa mistari ya kubandika kwenye faili mbili. Bandika, ingia upya, basi! Kuanzia hapo kuzalisha tovuti mpya ni kujaza anwani, jina na baruapepe ya msimamizi.

Utamu wenyewe uko kwenye mandhari. Chukulia chuo chenye tovuti kuu, ya maktaba na ya kila kitivo: zote zinasoma folda moja. Nimebadilisha namba ya simu kwenye faili la sehemu ya chini ya ukurasa, mara moja tu, kisha nikapita tovuti hadi tovuti. Kote imebadilika! Ila uwe macho: msimamizi aliyekwisha kuihariri sehemu hiyo ndani ya kihariri cha tovuti yake, nakala yake inakaa kwenye hifadhidata, na badiliko la faili halimfikii.

Nikachungulia hifadhidata. Kuna wp_2_posts, kuna wp_3_posts, kila tovuti na makala zake, lakini watumiaji wote wamo kwenye wp_users. Mwandishi mmoja, nywila moja, tovuti tatu. Kusakinisha programu-jalizi ni ruhusa ya msimamizi mkuu peke yake (raha iliyoje kwa anayeitwa usiku wa manane kuzima moto!). Na tangu toleo la 4.5 la 2016, kila tovuti inaweza kubeba kikoa chake kamili bila nyongeza yoyote.

Kasoro? Ipo, tena nzito. Programu-jalizi mbovu iliyowashwa kwa mtandao mzima inaweza kuziangusha tovuti zote kwa mpigo, na kuitoa tovuti moja baadaye ijitegemee ni kazi ya jasho.

Mwenye tovuti moja, hii si yako. Mwenye tatu au zaidi zinazofanana sura, chukua nakala ya akiba ya faili na hifadhidata leo, ujaribu kwenye seva ya majaribio kwanza.