Mjumbe Hauawi

Kuna mafundi ambao kazi yao haionekani. Wakiimaliza vizuri, kilichokwama kinaendelea, na baada ya saa moja hakuna anayekumbuka kwamba kilikwama. Ninayemsifu hapa ni mmoja wao. Anaandika programu katika ofisi moja ya Kijitonyama, Dar es Salaam, na vijana humwita pale kihariri cha msimbo kinapokataa kuonyesha mabadiliko: upande wa kushoto, palipokuwa na orodha ya faili zilizoguswa, pamebaki patupu, na jina la tawi limetoweka chini ya skrini.

Kinachonivutia kwake ni subira. "Kaka, niifute folda nzima niishushe upya?" kijana mmoja alimwuliza. "Usiguse kitu, mdogo wangu. Kwanza tuiulize Git yenyewe." Akafungua terminali, akaingia kwenye folda ileile, akaandika git status, kisha akasoma jibu. Alilisoma lote, hadi mstari wa mwisho, midomo ikitembea kama ya mtu anayesoma barua iliyotoka mbali. Ni muda mrefu sijamwona mtu akisoma ujumbe wa hitilafu namna hiyo. Wengi wetu tukiona maandishi mekundu tunayafunga upesi, kana kwamba tumetukanwa.

Wazee walisema mjumbe hauawi. Kihariri, kiwe Visual Studio Code au Emacs, hakihifadhi historia ya komiti zetu. Kinaiita Git, programu iliyomo kwenye kompyuta inayotunza historia hiyo, kinapokea majibu yake na kuyapamba rangi. Mjumbe huyo akinyamaza, watu humchinja: wanakiondoa kihariri na kukisakinisha tena, wanazima viendelezi kimoja kimoja, wanawasha kompyuta upya. Fundi yeye anatafuta ujumbe ulipokwamia. Git ikijibu vizuri kwenye terminali, tatizo liko njiani. Pengine kihariri kilifunguliwa kwa kubofya ikoni, kwa hiyo hakikurithi orodha ya PATH ambayo terminali inaijua. Pengine ufunguo wa SSH unadai neno la siri, na kihariri hakina mahali pa kuuliza, basi kiduara kinazunguka tu. Lakini Git ikikataa yenyewe, kama kwenye Mac iliyosasishwa jana ambayo zana zake za Apple za kuendeshea amri zinataka kusakinishwa upya, mjumbe hana hatia.

Siku ile Git ilikataa yenyewe. Ilisema ina shaka na umiliki wa folda. Watu wengi hulichukia katazo hili, nami naliona miongoni mwa mambo ya busara kabisa yaliyowahi kuingizwa katika programu hiyo. Lilikuja Aprili 2022, na toleo la 2.35.2. Kabla ya hapo Git ilikuwa na tabia ya kupanda kutoka folda hadi folda ya juu yake ikitafuta folda iitwayo .git, na ikiipata inatii mipangilio iliyomo bila kuuliza imewekwa na nani. Kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi, mwenye nia mbaya angeweza kuiweka folda hiyo huko juu na kuandika ndani yake mipangilio inayoendesha amri zake. Mwenzake angefungua tu folda yake ya kazi, na amri zile zingekwenda kwa jina lake. Hata asipoandika chochote, kihariri kingemponza, kwa sababu chenyewe huiita Git kila mara kuangalia kilichobadilika. Tangu Aprili ile Git huuliza kwanza: mwenye folda hii ni nani? Kama siye anayeiendesha, inasimama.

Ujumbe wenyewe unakuonyesha amri ya kuiruhusu folda hiyo moja. Visual Studio Code nayo hukupa kitufe. Wasio na subira wanakwenda mbali zaidi: wanaandika nyota mahali pa jina la folda, na maana yake ni kwamba kuanzia sasa kila folda ni salama, ya yeyote, popote ilipo. Walinzi waliowekwa mlangoni wote wanarudishwa nyumbani kwa mstari mmoja.

Fundi hakubofya kitufe wala hakuandika nyota. Aliorodhesha faili akaona zinamilikiwa na root, msimamizi wa mfumo. "Uliishusha kwa sudo?" Kijana akakubali, alikuwa ameiweka ndani ya /opt, mfumo ukamkatalia, naye akatumia nguvu ya msimamizi. Basi fundi akaihamishia kazi kwenye folda ya nyumbani ya kijana, akambadilishia umiliki kwa chown, akafungua kihariri. Orodha ya mabadiliko ikarudi. Kisha akabaki naye kumweleza kwa nini /opt ilimkatalia tangu mwanzo. Maelezo hayo yalichukua muda mrefu kuliko matengenezo yenyewe, na kwangu ndiyo yaliyokuwa ufundi.

Ustadi huu una ukoo. Mwaka 1972 Marc Rochkind wa Bell Labs alitengeneza SCCS ili matoleo ya faili yasipotee; muongo mmoja baadaye Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue akaleta RCS, ambamo aliyetaka kuhariri faili aliifunga kwanza wenzake wasiiguse. Git aliianza Linus Torvalds Aprili 2005, waandishi wa Linux walipopoteza ruhusa ya kutumia BitKeeper bila malipo, na Julai mwaka uleule akamkabidhi Junio Hamano. Mwaka 2008 Marius Vollmer akatoa Magit, ya kutumia Git ndani ya Emacs. Humo ukibonyeza alama ya dola, unaona amri zilezile zilizotumwa kwa Git na majibu yake neno kwa neno. Naupenda uungwana huo. Visual Studio Code nayo ina dirisha lake la matokeo lenye kumbukumbu kama hiyo, na karibu kila ninayemtajia anashangaa kusikia kwamba lipo.

Ujumbe wa hitilafu wa Git uliandikwa na watu waliofikiri. Chukua ule wa faili ya index.lock. Unakuambia kwamba huenda Git nyingine inaendelea na kazi humu. Hakikisha imemaliza, ujaribu tena. Ikishindikana bado, huenda kuna iliyokufa katikati, basi ifute faili kwa mkono. Kufuta kumewekwa mwisho kwa sababu. Siku hizi watu huanzia hapo.

Na wanaofuta folda nzima ndio wanaoniumiza zaidi. Wanaamini kila kitu kiko kwenye seva, na seva ina kile tu kilichopelekwa. Matawi ambayo hayajasukumwa hayapo huko. Kazi iliyowekwa kando kwa git stash haipo. Haipo pia reflog, ile kumbukumbu ya kila hatua, ambayo kwa kawaida hutunzwa siku 90 na imeokoa kazi za watu waliokwisha kukata tamaa. Vyote hivyo vilikuwa ndani ya .git, na huondoka kwa sababu mtu hakutaka kusoma mistari minne. Sasa hata kuisoma si lazima: unanakili hitilafu, unambandikia msaidizi wa akili bandia aliyemo ndani ya kihariri, anakurudishia amri, unaiendesha. Mara nyingi inafanya kazi. Kijana anaondoka bila kujua alichofunguliwa.

Matengenezo ya namna hii hayaachi hata komiti moja. Historia ya mradi inaonyesha nani aliandika kila mstari, lakini umiliki uliorudishwa na maelezo yaliyotolewa havimo. Kilichobaki ofisini ni kingine: ule mstari wenye nyota umeingizwa kwenye skripti ya kuandalia kompyuta mpya, na kila anayeajiriwa anaupokea siku yake ya kwanza kazini, kabla Git haijapata nafasi ya kumwuliza chochote.